Mistari Miwili Lakini Hakuna Ball? Hizi Ndizo Sababu Kipimo cha Mimba cha Nyumbani Huweza Kukuchanganya

Beshte yangu wa tangu high school alinitumia picha kwa WhatsApp saa kumi na moja asubuhi. Hakuna salamu, hakuna niaje. Ni picha tu ya kastripi kamewekwa kando ya sinki, mstari mmoja umekolea, wa pili uko hapo kama kivuli. Alafu swali moja: "Hii ni nini?"

Mimi si daktari. Niliacha college kabla ya kumaliza na kazi yangu ni kuandika stori. Kwa hivyo nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Kufika saa nne alikuwa ameshapiga hesabu ya maisha yake yote: venye ataambia mathe, venye atalipa rent ya keja peke yake, na venye chali yake ameona message na amenyamaza. Saa saba akaingia kliniki, akatolewa damu. Majibu yakasema hakuna mimba.

Kilichotokea ni hivi. Alipima usiku akiwa amechoka, akaona mstari mmoja, akaacha stripi kwa sinki akalala. Kuamka alfajiri akaiangalia tena, na sasa kulikuwa na miwili. Mkojo ulikuwa umekauka na kuacha alama. Siku nzima ya machozi juu ya alama ya mkojo uliokauka.

Tangu hiyo siku nimesoma sana hii maneno, na nimegundua wengi wetu tunanunua hivi vipimo bila kujua vinafanya aje kazi, ama ni lini vinaweza kudanganya. Kwa hivyo hii hapa yote, polepole. Save hii link, siku moja utaihitaji ama utamtumia mtu.

Stripi hutafuta nini kwa mkojo?

Kitu ya kwanza kuelewa: kipimo hakioni mtoto. Kinatafuta homoni moja tu inaitwa hCG.

Hii homoni hutolewa na seli ambazo baadaye hutengeneza kondo la nyuma, ile placenta. Yai likisharutubishwa huchukua siku kadhaa kuteremka hadi kwa mji wa mimba na kujishikilia kwa ukuta wake. Hapo, mara nyingi kati ya siku 6 na 12 baada ya yai kutoka, ndio hCG huanza kuingia kwa damu, kisha kwa mkojo. Mwanzoni huwa kidogo sana, lakini kwa mimba changa inayokua vizuri kiwango hukaribia kujirudia mara mbili kila baada ya siku 2 hadi 3.

Ndani ya stripi kuna antibodi zenye rangi. Mkojo ukipanda unazibeba. Kama kuna hCG, zinaishika, zinafika kwa mstari wa T na kunaswa hapo, na rangi inatokea. Zilizobaki zinaendelea hadi mstari wa C, ambao kazi yake ni kukuambia stripi iko sawa. Ni mtindo ule ule wa vipimo vya haraka vya malaria na Covid.

Kusoma ni hivi:

- C peke yake: negative.
- C na T zote zina rangi: positive, hata kama T imefifia.
- T peke yake, ama hakuna mstari wowote: stripi imekufa. Tupa, nunua ingine.

Vipimo vingi vya chemist huanza kushika hCG ikifika mIU 25 kwa mililita. Vichache hushika hata ikiwa 10. Kwa damu, daktari akipata chini ya 5 huhesabu ni negative, na kati ya 5 na 25 ni eneo la "tusubiri turudie".

Ka-history kidogo ndio ujue tumetoka mbali: miaka ya 1930 mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura wa kike kutoka Afrika Kusini. Chura akitaga mayai ndani ya siku moja hivi, basi kuna mimba. Na kipimo cha kwanza cha mtu kujipimia kwake kilibuniwa 1967 na Margaret Crane, mrembo wa miaka 26 aliyekuwa mchoraji wa graphics kwa kampuni ya dawa Marekani. Hakuwa mwanasayansi. Aliona tu vipimo vimepangwa kwa lab akajiuliza mbona mtu asijifanyie mwenyewe.

Na ile 99% kwa pakiti?

Hiyo namba inatoka kwa lab, ambapo mkojo umepimwa na watu waliofunzwa, kwa wakati unaofaa, wakisoma majibu dakika inayofaa. Haijahesabu mtu anayepima gizani, stima zimepotea, akitumia tochi ya simu huku moyo unadunda.

Ukweli ni kwamba negative ya uongo ndiyo hutokea sana, juu watu hupima mapema sana. Positive ya uongo ni nadra zaidi. Lakini nadra haimaanishi haipo, na ikikupata wewe ni asilimia mia yako.

Positive feki ziko aina mbili

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hivyo shika hii.

Aina ya kwanza: hakuna hCG kabisa, lakini stripi imeonyesha mstari ama wewe umesoma vibaya.

Aina ya pili: hCG iko kweli. Stripi haijadanganya. Shida ni kwamba hCG imetoka kwa kitu kingine, ama imetoka kwa mimba ambayo imeisha, ama kwa mimba ambayo imekaa mahali pabaya.

Aina ya kwanza hukupotezea usingizi. Aina ya pili inaweza kukupotezea maisha. Ndio maana si poa kusikia "ni positive feki" alafu unarudi kulala.

Aina ya kwanza: stripi imekuchocha

*1. Alama ya mkojo kukauka.* Hii ndiyo ilimpata beshte yangu. Pakiti nyingi husema soma kati ya dakika 3 na 5, na usisome tena baada ya dakika 10. Baada ya hapo mkojo hukauka na kuacha kastari pale kwa T. Tofauti yake: huwa ka kijivu ama hakana rangi, ni kembamba, na wakati mwingine hakajafika mwisho. Mstari wa ukweli huwa na rangi ile ile ya C, yaani pinki ama bluu, hata ukiwa umefifia, na hutokea ndani ya muda uliosemwa.

*2. Umenunua stripi ya mambo mengine.* Usicheke, hii hutokea. Kuna stripi za kupima siku za kutoa yai, zinatafuta homoni ya LH. Zinafanana na za mimba sana. Kwa hizo, mistari miwili ni kitu ya kawaida, juu kila mwanamke ana LH kidogo mwilini. Soma pakiti: ya mimba huandikwa hCG, ya yai huandikwa LH.

*3. Stripi ime-expire ama imekaa vibaya.* Joto na unyevu huharibu zile antibodi. Stripi iliyokaa kwa dashboard ya gari, ama pakiti iliyopasuka ikiwa kwa handbag miezi sita, haifai kuaminiwa. Angalia tarehe na uhakikishe pakiti haijafunguka.

*4. Chombo kichafu.* Kopo lililokuwa na sabuni, Jik ama juisi linaweza kuvuruga stripi. Vitu vyenye asidi kali, kama soda, vinaweza hata kuchora mstari bila mkojo wowote. Kwa hivyo usichukulie rahisi hiyo maneno ya kopo.

*5. Damu ama protini nyingi kwa mkojo.* UTI kali, shida za figo, ama damu ya hedhi ikichanganyika na mkojo inaweza kufanya stripi isisomeke vizuri. Kama unakojoa na kunachoma, tibu hiyo kwanza na bado urudie kipimo.

*6. Dawa chache.* Kuna dawa, kama zile za kundi la phenothiazine zinazopewa watu wenye magonjwa fulani ya akili, ambazo zimetajwa kuvuruga baadhi ya vipimo. Usiache dawa yako juu ya hii. Mwambie tu daktari unatumia nini na uombe kipimo cha damu.

*7. Kiwanda kimekosea.* Hata huko majuu hutokea. Agosti 2018 huko Uingereza, MHRA, ile taasisi inayosimamia dawa na vifaa vya hospitali, ilitangaza kurudishwa kwa vipimo kama 58,000 vya digital vya Clear & Simple, juu vingine vilikuwa vinaonyesha positive kwa watu wasio na mimba. Hiyo ilikuwa ya skrini, inayoandika jibu kwa maneno. Kwa hivyo bei kubwa na skrini si guarantee.

Aina ya pili: hCG iko, lakini stori si ile unafikiria

*8. Mimba iliyoisha mapema sana.* Yai limerutubishwa, limejishikilia siku kadhaa, hCG imeanza kutoka, alafu mimba ikakatika kabla hata skani iweze kuona kitu. Unapima Jumatatu ni positive, wiki inayofuata period inakuja, unapima tena ni negative. Watu wengi huita hiyo positive feki. Si feki. Kulikuwa na mimba, imeisha.

Na si kitu ya ajabu. Kuna utafiti maarufu uliochapishwa 1988 kwa jarida la New England Journal of Medicine. Wanawake 221 waliokuwa wanajaribu kupata mtoto walipimwa mkojo kila siku. Mimba 198 zilionekana, na asilimia 22 ya hizo ziliisha kabla hata mtu ajue kwa njia ya kawaida. Zamani hawa wote wangesema tu "period imechelewa kidogo". Stripi za siku hizi ni kali, zinashika mapema, ndio maana tunaona vitu ambavyo mathe zetu hawakuwahi kuona. Na kama hii imekupata, haikuletwa na kubeba mtungi wa maji ama kupanda nduthi. Mara nyingi ni shida ya kromosomu za hiyo mimba yenyewe.

*9. Mimba ilitoka, ilitolewa, ama umejifungua juzi.* hCG haipotei siku hiyo hiyo. Inashuka polepole, na inaweza kuonekana kwa mkojo kwa wiki kadhaa, wakati mwingine hadi wiki 6. Kwa hivyo ukipima wiki mbili baada ya mimba kutoka na uone mistari miwili, haimaanishi umeshika ingine. Lakini pia inaweza kumaanisha kuna mabaki yamebaki ndani. Ukiwa bado unavuja damu nyingi, una homa, ama uchafu unanuka, enda hosi. Usingoje.

*10. Mimba nje ya mji wa mimba.* Hii ndiyo naomba usome mara mbili. Mimba inakaa kwa mrija wa uzazi badala ya kwa mji wa mimba. Stripi inasoma positive juu hCG ni ya ukweli. Lakini hiyo mimba haiwezi kufika popote, na mrija ukipasuka unavuja damu ndani ya tumbo. Ni kama mimba 1 hadi 2 kati ya 100. Wengine huona damu kidogo wakadhani ni period, wakasema "kumbe ile test ilikuwa feki". Hapo ndipo hatari iko.

*11. Mimba zabibu.* Kondo la nyuma linakua vibaya na kujaa vimalengelenge kama shada la zabibu, na mara nyingi hakuna mtoto ndani. hCG huwa juu sana, kutapika kunaweza kuwa kwingi, na damu hutoka. Inaonekana kwa skani, inasafishwa, na lazima hCG ifuatiliwe hadi ishuke kabisa, juu ikibaki inaweza kugeuka saratani. Poa ni kwamba ikishikwa mapema inatibika vizuri.

*12. Sindano za hCG.* Watu wanaotafuta mtoto kwa kliniki za uzazi hudungwa hCG kusaidia yai kutoka. Hiyo hukaa mwilini hadi kama siku 10 hadi 14. Ukipima mapema unapima sindano, si mimba. Pia kuna watu wa gym na wa kupunguza mwili wanauziwa hCG. Ukidungwa hiyo, stripi itaona.

*13. Umri.* Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi anaweza kutoa hCG kidogo kutoka kwa tezi ya pituitari kwa ubongo. Kwa hivyo mathe wa miaka 50 akipata kastari kafifu, kabla nyumba ichizi, apelekwe kipimo cha damu.

*14. Uvimbe na saratani.* Saratani chache, kama za mayai ya uzazi, hutoa hCG. Hii ni nadra sana, lakini ndiyo sababu positive isiyoeleweka lazima ichunguzwe hadi ijulikane inatoka wapi.

Chali akipima na isome positive je?

Wanaume, hii si jokes. Mwaka wa 2012 jamaa mmoja Marekani alipata kipimo ambacho ex wake aliacha, akakojolea kwa mchezo. Ikasoma positive. Beshte yake akachora katuni akaweka mtandaoni wakicheka. Watu wakamwambia aende hospitali haraka, juu saratani ya korodani inaweza kutoa hCG. Alienda, na ikapatikana kweli, ikiwa bado ndogo.

Lakini usikimbie kununua stripi ujipime saratani. Saratani nyingi za korodani hazitoi hCG ya kutosha, kwa hivyo negative haikuambii uko fiti. Jipapase ukioga. Ukiskia kavimbe kagumu, enda uangaliwe.

Vitu ambazo hazileti positive feki

Kwa mtaa kuna lawama nyingi zimewekewa vitu visivyo na makosa. Hizi hapa hazina hCG na hazibadilishi kipimo kuwa positive:

- P2. Inaweza kuvuruga tarehe ya period, ikaja mapema ama ikachelewa kama wiki moja, lakini haileti mstari wa pili.
- Vidonge vya kupanga uzazi, sindano na implant.
- Pombe. Ukinywa sana mkojo unakuwa maji, hiyo inaweza kuleta negative ya uongo, si positive.
- Antibiotiki za kawaida na dawa za maumivu.
- Stress. Inaweza kuchelewesha period, lakini haitoi hCG.

Kwa hivyo kama ulikunywa P2 na sasa una mistari miwili yenye rangi, usiseme "ni P2 hiyo". Ichukue serious.

Colgate, sukari, chumvi na Jik: acheni

Kila baada ya miezi michache video inazunguka ya mtu akichanganya mkojo na Colgate kwa kikombe. Ikitoa povu, ati kuna mimba. Dawa nyingi za meno zina chokaa, na mkojo wenye asidi ukikutana na chokaa hutoa povu. Mkojo wa budaa yako pia unaweza kutoa povu. Sukari kuganda na chumvi kuwa kama maziwa ni stori ile ile. Hakuna hata moja inajua hCG ni nini.

Jik ndiyo mbaya zaidi. Ikichanganyika na mkojo hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, na ukiwa umejifungia kwa choo kidogo unaweza kuumia. Stripi ya chemist mara nyingi ni finje ama soo. Usiuze mapafu yako juu ya hiyo.

Kupima fiti, hatua kwa hatua

1. Ngoja period ichelewe angalau siku moja. Ukiweza kungoja wiki moja, majibu ni safi zaidi. Kama period yako haina ratiba, pima siku 21 baada ya siku ulifanya bila kinga.
2. Nunua kwa chemist inayojulikana, angalia tarehe, na uhakikishe imeandikwa hCG.
3. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usinywe lita mbili za maji ndio upate mkojo.
4. Tumia kopo safi lililokauka. Lile linalokuja na stripi ni poa zaidi.
5. Chovya hadi alama ya mshale, usipitishe. Hesabu sekunde kulingana na pakiti.
6. Weka juu ya kitu flat, weka timer kwa simu.
7. Soma dakika iliyosemwa, piga picha hapo hapo, kisha tupa. Usirudi kuiangalia baadaye, na usiichimbue kwa dustbin.

Umeona mistari miwili. Sasa?

Kwanza, pumua. Hakuna uamuzi unafaa kufanywa saa kumi na moja asubuhi kwa choo.

Rudia kipimo baada ya siku mbili, kwa stripi ya kampuni tofauti, mkojo wa asubuhi. Mimba inayokua huongeza hCG, kwa hivyo mstari unafaa kuwa umekolea zaidi. Ukipotea, kuna uwezekano mimba imeisha ama stripi ya kwanza ilikosea.

Hata kabla ya hapo unaweza kuenda kliniki, ya serikali ama ya private, uombe kipimo cha damu. Hicho hakisemi tu ndiyo ama la, kinatoa namba. Daktari akipima namba leo, akapima tena baada ya saa 48, anaona kama inapanda vizuri, inashuka, ama inajikokota. Bei hutofautiana, kwa hivyo piga simu uulize kabla ya kupanda mat.

Kisha skani. Kuanzia kama wiki 5 hadi 6, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya period ya mwisho, skani inaweza kuonyesha kama kuna kitu na kiko wapi. Hiyo "wapi" ndiyo muhimu. Stripi haiwezi kukuambia.

Alafu kuna hili: usinunue vidonge vya kutoa mimba kutoka kwa namba imebandikwa kwa nguzo ya stima juu ya mstari mmoja umefifia. Unaweza kuwa huna mimba kabisa. Ama unaweza kuwa na mimba ya kwa mrija, na vidonge vya kutoa mimba haviondoi hiyo. Utavuja damu, udhani imeisha, na bomu liko bado ndani. Kama ushameza kitu na unaumia, enda hosi uwaambie ukweli wa kile ulimeza. Wako hapo kukutibu.

Hata damu inaweza kukosea, lakini kwa njia yake. Watu wachache wana antibodi kwa damu zinazochanganya mashine za lab. Mwaka wa 2000 jarida la The Lancet lilichapisha kesi 12 za wanawake walioambiwa wana saratani na wakatibiwa bure, juu ya hCG ambayo haikuwepo. Hizo antibodi haziingii kwa mkojo. Kwa hivyo damu ikisema ndiyo kila mara, mkojo ukisema hapana kila mara, na skani haioni kitu, uliza daktari kuhusu hiyo kabla ya kukubali matibabu makubwa.

Dalili za kukimbia hospitali sasa hivi

Kama umewahi kuona positive hivi karibuni, hata kama uliambiwa ni feki, na una mojawapo ya hizi, usingoje kesho:

- Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja.
- Kutokwa na damu isiyo kama period yako ya kawaida.
- Kizunguzungu, kuona giza ama kuzimia.
- Maumivu juu ya bega bila kuumia. Inaonekana haihusiani, lakini damu ikivuja ndani ya tumbo inaweza kuumiza hapo.
- Damu inayojaza pedi mbili kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo.

Ukifika, waambie mapema: "Nilipima mimba ikasoma positive." Hiyo sentensi moja inabadilisha jinsi watakuangalia.

Maswali mnauliza sana

*Mstari umefifia sana, ni nusu mimba?* Hakuna nusu. Ukiwa na rangi na umetokea kwa muda unaofaa, hesabu ni positive, kisha urudie baada ya siku mbili.

*Stripi tatu zimesema positive, moja negative. Niamini gani?* Usipige kura. Enda damu.

*Dem amenitumia picha ya stripi. Nitajuaje ni ya ukweli?* Picha haiwezi kukuambia. Lakini usimwite muongo, na usimblock. Mwambie "twende kliniki pamoja", ulipe fare na kipimo. Kama ni ukweli, umesimama naye. Kama ni feki, mmejua wote wawili bila matusi.

*Nikipima negative na period bado haijakuja?* Ngoja siku tatu hadi wiki, urudie. Ikiendelea kukosa, muone daktari, juu period hukosa kwa sababu nyingi.

Beshte yangu sasa ako sawa. Anasema kilichomuuma zaidi si stripi. Ni zile saa nane alikaa na hiyo maneno peke yake akiogopa kuuliza mtu. Kwa hivyo siku mtu akikutumia hiyo picha alfajiri, usimjibu na emoji. Muulize mambo mawili: ulisoma baada ya dakika ngapi, na kuna mahali unaumwa? Alafu mwambie unakuja.